Shamba Ambalo Sikununua

Nakumbuka siku moja, mwaka ule viwavi walipomaliza mahindi, na sisi watu wa mahindi tukala viazi vitamu asubuhi, ndizi mbichi jioni, unga tukausikia kwa jina tu. Siku hiyo kijana wangu Wafula alifika kwangu Kamukuywa na gari la kukodi, ameniletea unga wa pakiti na sukari. Akasema, "Mama, vaa nguo ya kanisa. Tunaenda Kitale. Nataka shamba langu la Kachibora liandikwe jina lako."

Mwanangu unayenisikiliza, nilivimba kama mandazi. Mimi niliyeiona shule kwa dirisha, leo niitwe mwenye shamba! Nilipita kwa jirani makusudi, ati naomba chumvi, ili anione nilivyovaa.

Garini tulikuwa na shemeji yangu Barasa, mdogo wa marehemu mume wangu. Nikauliza mbona Nekesa, bibi ya Wafula, hakuja. Wafula akatazama barabara. Barasa ndiye alijibu, maana mdomo wake hauna mlango.

"Huyo anarudi kwao, Mama Wafula. Kijana ameenda korti, anataka talaka. Ataondoka na nguo zake vile alikuja. Hiyo shamba ikiwa yako, atagawiwa nini? Upepo?" Akacheka peke yake.

Unga ule ukanikaa tumboni na sijaupika.

Kitale tukaingia kwa wakili, msichana wa rika la wajukuu wangu. Wafula alikuwa amemwambia ati pesa za shamba zilikuwa zangu, yeye alininunulia tu. Msichana akanigeukia mimi. "Mama, ni wewe ulinunua shamba hilo?"

Barasa akanisukuma kwa goti. "Si useme ndiyo twende. Damu ni nzito kuliko maji."

"Mama, ni jina tu," Wafula akasema. "Huyo mwanamke alikuwa anakaa tu."

Kukaa tu. Hilo neno, mwanangu, ndilo lilinipasua. Nani aliniachia watoto wachanga akaenda na maharagwe mpaka soko la Suam, akauza, ndio shamba lile likanunuliwa? Ni Nekesa. Mmoja wa hao watoto nilimlambisha uji kidoleni nikimngoja mama yake. Nani aling'oa visiki Wafula akiwa mjini na tai shingoni? Huyo huyo. Kama huko ni kukaa, basi mimi pia nimekaa maisha yangu yote, na huu mgongo ulipindishwa na kiti.

Nikamkumbuka mama mkwe wangu. Nilipoolewa, bado msichana, alinishika mkono akanizungusha mpaka wa shamba lao kabla hajanionyesha jiko. Nikamwambia, kwa ujeuri wa ujana, "Mama, mimi nimekuja kupika." Akanikemea pale pale: "Mguu wako uujue mpaka kabla jembe lako halijajua udongo. Asiyejua mpaka hulimia watu mpaka azeeke." Na mimi ndiye nilimzungusha Nekesa vile vile kule Kachibora, siku waliponunua. Sasa nifute nyayo zake?

Nikamwambia wakili, "Sikununua, na sitasema nilinunua."

Wafula akaweka uso mikononi. "Mama, unanitupa."

"Sikutupi. Mla cha mwenziwe na chake huliwa. Haya, liandike jina langu. Siku nikifa ndugu zako watasema shamba la mama ni la wote. Utawaambia nini? Na huyu Barasa ndiye atakuwa wa kwanza kuleta kamba ya kupimia."

Barasa akakohoa, akatafuta kofia yake iliyokuwa kichwani.

Mwanangu, nikwambie bila kuzunguka. Ndoa inaweza kuvunjika, lakini usivunje na ukweli. Kila mkono uliotoa jasho upewe chake, hata kama jasho lilikuwa la kupika, kulea na kupalilia. Wewe kijana, usifiche mali chini ya kitanda cha mama yako. Wewe msichana, ujue mpaka wa mnacholima, na jina lako liwe kwenye hati mapema, mkiwa bado mnacheka pamoja. Na wewe mama mwenzangu, usikubali kuwa shimo la kufukia haki ya mtoto wa mwenzako. Itakuuma, sikudanganyi. Wafula hakukanyaga kwangu mpaka mavuno mengine yakapita. Lakini nililala usingizi. Mungu akupe mali isiyoliliwa na mtu, na watoto wako wale bila kuangalia mlangoni.

Maana siku ile yule msichana wakili hakuandika jibu langu upesi. Aliweka kalamu chini, akamtazama Wafula, akanitazama mimi, akaniuliza tena polepole, kama anayetaka nisije nikajuta: "Mama, huyu ni mtoto wako wa kuzaa. Ulinunua ama hukununua?"

"Sikununua, na sitasema nilinunua."