Mbwa mkali alivyomtoa baba yangu kwenye chai ya majirani, na sukari yake ikashuka

Wakuu, salamu kutoka huku kwetu kwenye baridi na majani chai.

Nimeona watu wanabishana humu ati mzee akifuga mbwa, sukari haimpati haraka. Wengine wanacheka. Mimi sicheki, kwa sababu hiyo kitu niliiona kwetu nyumbani na macho yangu mwenyewe. Mimi si daktari, na sitawapa maneno ya daktari. Nitawapa ya baba yangu vile yalikuwa, bila kuongeza chumvi.

Ilikuwa miaka ya tisini, kwetu upande wa Mogogosiek. Nilikuwa nimemaliza form four, niko nyumbani nangoja kuitwa college. Mimi ndiye lastborn, na kazi yangu kubwa ilikuwa kupika chai na kumtazama baba.

Baba alikuwa ame-retire kutoka kiwanda cha chai. Alifanya kazi miaka mingi pale majani yanapokaushwa, akitembea huku na huku siku nzima. Alipo-retire akakalia kiti. Kiti hicho kilikuwa kwa veranda, na kando yake kilikuwa kikombe. Tumbo likaanza kutangulia.

Halafu kiu ikaingia. Anakunywa maji, anaenda choo, anarudi kunywa maji tena. Mama akasema hii kiu naijua.

Sisi wote tuliijua. Ndugu mkubwa wa baba, yule wa Chebunyo, alianza hivyo hivyo, akaishia kukatwa mguu chini ya goti. Baba ndiye alimpeleka hospitali na baba ndiye alimrudisha nyumbani. Hakuwahi kuongea juu ya siku hiyo. Lakini kutoka hapo, akivua soksi jioni, alikuwa anaangalia miguu yake kwanza, mmoja halafu mwingine.

Tukampeleka hospitali ya Kaplong akapimwa. Daktari akamwambia, "Mzee, sukari iko juu, lakini bado hujakuwa mgonjwa kamili. Punguza sukari, na kila siku utembee mpaka utoe jasho. Ukikaa tu, itakushika."

Baba akasema sawa. Njiani akatuambia tusimwambie mtu yeyote. Hakutaka watu waanze kumwangalia miguu.

Sasa wakuu, sikieni makosa yetu, na haya makosa hayawezi kufanyika mahali pengine isipokuwa huku kwetu.

Kwanza, majirani walisikia tu ati baba, Arap Ng'eno, alienda hospitali. Ya nini, hawakujua. Basi wakaja kusema pole. Na kwetu huwezi kwenda kusema pole mikono mitupu. Kila mtu akaja na paketi ya sukari! Kabati ya mama ilijaa sukari mpaka tukaanza kuweka zingine chini ya kitanda. Mama anapokea, anasema asante sana, Mungu awabariki, halafu akifika jikoni ananiangalia tu. Nilicheka, lakini haikuwa ya kuchekesha.

Pili, tulimwambia baba atembee.

Na akatembea! Kila asubuhi anavaa gambuti na koti, anashika fimbo, anatoka. Anarudi saa sita. Mama alikuwa anaimba jikoni kwa furaha. Tukarudi Kaplong tukiwa na kifua mbele.

Sukari ilikuwa imepanda zaidi.

Daktari akauliza, "Mzee, kweli unatembea?"

"Natempea sana," baba akasema. Samahani, baba yangu alikuwa Mkipsigis wa zamani, na b yake ilikuwa inatoka ikiwa p. Nilikuwa namtania kwa hiyo, na leo ningetoa kitu chochote kuisikia tena.

Siku iliyofuata nikaambiwa nimfuate. Wueh!

Hatukuwa tumefika mbali na boma letu, jirani wa kwanza akaita. "Arap Ng'eno, unapita hivyo kwani tumekosana? Ingia chai!" Tukaingia. Chai ya maziwa, nzito, tamu mpaka meno yanauma. Tukatoka, tukaitwa boma ya pili. Ya tatu ilikuwa ya Mama Chebet, mjane mmoja mnene mwenye roho safi, ambaye chai yake ilisifiwa hiyo ridge, kilima chetu chote. Huyo alikuwa anasimama kwa gate kabisa, anangoja. Ukimaliza kikombe anajaza kabla hujasema kitu. Kufika kituo cha kupimia majani mimi kichwa kilikuwa kinazunguka, na tumbo la baba likisikika likicheza maji.

Mzee alikuwa anatembea kutoka sukari moja kwenda sukari nyingine.

Mtauliza kwa nini asiseme hataki sukari. Vijana wa siku hizi mmezoea kuletewa kibakuli cha sukari na kijiko, kila mtu ajipimie. Sisi chai ilipikwa yote kwa sufuria moja: maji, maziwa, majani, sukari, ikachemka pamoja, ikaingia kwa chupa. Ukikataa sukari umekataa chai. Ukikataa chai umekataa boma. Watu wataanza kuuliza, kwani Arap Ng'eno anafikiri tumemwekea nini ndani? Na baba alikuwa mzee wa kanisa, mtu wa kupatanisha watu. Aliona afadhali augue kuliko amvunjie mtu heshima. Nilikasirika naye, nikalia, nikamwambia atakufa kwa adabu. Akavua soksi, akaangalia miguu yake.

Hapo ndipo Okumu akaingia.

Okumu alikuwa fundi wa mashine pale kiwandani, mtu wa kutoka huko ziwani, na rafiki wa baba wa miaka mingi. Yeye pia alikuwa ame-retire na alikuwa anarudi kwao. Alikuwa na mbwa mmoja mkubwa, mweusi, sikio moja limeraruka, jina lake Waziri. Aliitwa hivyo kwa sababu alipita watu bila kusalimia. Bibi ya Okumu alikuwa amesema wazi hatapanda lori moja na huyo mnyama.

Okumu akamleta kwetu na kamba. "Arap Ng'eno, omera, ndugu yangu, wewe ndiye rafiki yangu huku. Kaa na huyu. Lakini nakwambia, asubuhi lazima atembee. Asipotembea, anakula nyumba."

Tulifikiri ni mzaha. Tukamfunga nyuma ya jikoni. Akakula gambuti ya baba. Akavuta nguo za mama kutoka kwa kamba, akazilalia kwa matope. Akafukua viazi. Mama akasema, "Chagua. Ama huyu, ama mimi niende kwa mama yangu." Na mama yake alikuwa amekufa zamani, kwa hivyo mjue alikuwa amekasirika kweli.

Baba akachukua gambuti za ndugu yangu, akashika kamba, akatoka na Waziri.

Wakuu, nilikuwa nyuma yao siku hiyo. Jirani wa kwanza akatoka akitabasamu, akaona mbwa, akarudi ndani akafunga. Wa pili akapiga kelele kutoka kwa dirisha, "Pita tu mzee! Pita tu! Tutaonana kanisani!" Mama Chebet alikuwa kwa gate na chupa yake mkononi. Waziri akanguruma kidogo tu. Woi! Mwanamke huyo mnene alikimbia, sijawahi kuona. "Arap Ng'eno, peleka hiyo kitu mbali! Chai utakunywa siku ingine!"

Hakuna aliyekataa chai. Hakuna aliyeaibika. Tulipita boma zote na tumbo tupu.

Kwanza baba aliumia. Alirudi akasema watu wamemkataa kwa sababu ya mbwa. Lakini asubuhi Waziri alikuwa anamngoja kwa mlango, analia, na mama amesimama na mwiko. Angefanya nini? Akatoka tena. Na kwa sababu hakuna mtu wa kumsimamisha, alianza kwenda mbali. Anashuka mtoni, anapanda upande ule wa kiwanda, anazunguka kwa majani, anarudi jasho linatiririka. Sisi huku mtu mzima hatembei bure tu, watu wataona amechanganyikiwa. Lakini mtu anayevutwa na mbwa ana kazi, hata kama hakuna anayejua ni kazi gani.

Na akampenda yule mbwa. Sikutegemea. Alikuwa anamwongelesha Kipsigis njia yote, na mbwa amekulia kwa Dholuo ya kina Okumu, anamwangalia tu na lile sikio lake. Baba hakujali. Alimweleza mambo ya kiwanda, ya shamba. Siku moja nilikuwa nyuma nachuma mboga nikamsikia anamweleza Waziri juu ya ndugu yake na ule mguu. Mambo ambayo hakuwahi kutuambia sisi. Niliinama hapo kwa mboga nikalia.

Tuliporudi Kaplong, sukari imeshuka. Mshipi umeingia matundu ya ndani. Daktari akauliza amefanya nini.

"Nimepata mpwa," baba akasema, na kifua mbele kuliko siku aliyofanywa mzee wa kanisa.

Ingekuwa imeisha hapo ningefurahi. Lakini Waziri alizeeka akalainika. Watoto wa ridge walianza kumtupia ugali. Akaanza kutingisha mkia, aibu gani hiyo! Mara ya kwanza nilipoona jirani amempapasa kichwa, roho yangu ilishtuka. Nilijua kinachofuata ni chai.

Na kweli. Asubuhi moja nimerudi likizo, tunapita, Mama Chebet akafungua gate yote. "Leo hamna sababu! Huyo mbwa yenu sasa ni kondoo. Ingia!"

Waziri ndiye aliingia kwanza, akalala kwa nyasi. Msaliti.

Tukakaa. Mama Chebet akaleta chupa na vikombe, akamimina. Moshi unapanda, harufu ya maziwa. Baba akashika kikombe, akakiangalia. Mimi nilikuwa naomba moyoni aangushe, adanganye, afanye chochote.

Akakirudisha kwa meza.

"Mama Chebet," akasema, "chai yako naipenda. Lakini mimi sukari imenitafuta, vile ilitafuta ndugu yangu. Nikikunywa hii, nitakatwa mguu. Usikasirike."

Sijawahi kumpenda baba yangu kama dakika ile.

Mama Chebet alisimama na chupa mkononi. Nikafikiri sasa ameudhika. Halafu akakaa chini, polepole, akafunika macho na kitambaa.

"Hata mimi," akasema. "Niliambiwa hospitali hata kabla ya mume wangu kufa. Lakini nitapikia wageni chai bila sukari? Mtasema nimekuwa maskini, ama nimekuwa mchoyo. Naweka kwa sababu yenu."

Baba akamwangalia. "Na mimi nilikuwa nakunywa kwa sapapu yako."

Wakaangaliana hivyo. Halafu wakaanza kucheka, wazee wawili, mpaka machozi, mpaka Waziri akaamka akaanza kubweka.

Mama Chebet akaenda jikoni akapika ingine, bila sukari hata punje. Akatumiminia. Baba akaonja, uso ukajikunja wote.

"Ni mpaya," akasema.

"Mbaya kabisa," Mama Chebet akasema.

Baba akamaliza kikombe, akamsogezea. "Ongeza kidogo."

Kutoka siku hiyo ridge yetu ikawa na boma mbili za chai mbaya, na watu wengine wakaanza kusema polepole kwamba hata wao walikuwa wameambiwa hospitali. Waziri alikufa mzee, baba akamchimbia kaburi mwenyewe. Baba naye aliendelea kutembea kila asubuhi na mbwa mwingine. Ule ugonjwa wa ndugu yake haukumshika kamwe, hata siku Mungu alipomchukua, na alikuwa amezeeka sana.

Nilichojifunza ni hiki. Mbwa alimpa baba miguu ya kutembea na sababu ya kupita, na hiyo ilimpa muda. Lakini maneno yale alitoa mwenyewe kwa mdomo wake. Mpeleke mzee wako akapimwe, mtafutie mbwa kama anapenda mbwa, halafu muulize kitu gani anashindwa kukataa, na ni cha nani.

Haya, wakuu, uwanja ni wenu. Nyumbani kwenu, ni nani anakunywa sukari kwa heshima ya nani?