Wanataka Nitubu Kamari Ambayo Sijawahi Kucheza

Admin, jina langu lifiche, mji uache tu, Wakenya wa Minneapolis ni wengi. Mimi ni mwanaume wa miaka hamsini na nne, naishi Burnsville, natunza wazee kwenye group home. Mke tuliachana, watoto wako Texas na mama yao. Nikiwapigia wananijibu "I'm good, Dad," na simu imekwisha kabla sijakaa vizuri kwenye kiti. Shule sikwenda mbali, lakini mdomo Mungu alinipa. Harusi ya Wakenya hapa ikinikosa mimi kwenye maikrofoni, watu wanarudi nyumbani mapema. Muulize yeyote.

Jambo langu ni farasi, na msicheke. Nilikulia Nairobi karibu na uwanja wa mbio, na nikiwa kijana nilimshika hatamu farasi dume aliyekuwa amewaangusha Wazungu watatu, akatulia kama mbuzi. Hiyo nimeisimulia mara nyingi na kila mara Wazungu wanaongezeka, nakubali. Lakini hii ya leo sijaitia chumvi hata punje.

Majira ya joto hapa kuna mbio, si mbali na kwangu. Jumamosi nikiwa off naenda, peke yangu. Sijawahi kubeti hata mara moja. Nikifika napita yale madirisha ya kubeti, naenda pale nyuma wanapozungushwa farasi kabla ya kukimbia ili watu wawaone. Unaona mishipa ya shingo, ngozi inang'aa kama imepakwa mafuta, anapiga kwato chini anataka kwenda. Halafu nasimama kwenye uzio. Wakipita, ardhi inatetemeka mpaka unaisikia kwenye magoti, na watu nisiowajua wanapiga kelele pamoja na mimi. Kwa muda huo mdogo siko peke yangu. Nyinyi mlio na nyumba zenye kelele hamwezi kuelewa.

Kulikuwa na farasi jike mmoja wa kahawia mwenye alama nyeupe kwenye paji la uso. Jina lake la mbio ni refu, la Kizungu, mimi nilimwita Wambui. Nilimfuata tangu anaanza. Alikuwa anakaa nyuma, anawaacha wenzake wamalize nguvu, halafu kwenye kona ya mwisho anatoka kwa nje na kuwapita mmoja mmoja. Mpaka yule mama Mzungu aliyekuwa anamtunza akanizoea, akiniona ananipungia mkono, "Your girl looks good today!" Kuna wiki huyo ndiye mtu pekee aliyenisalimia bila kutaka nimgeuze kitandani.

Sasa kuna mbio za aina fulani ambazo kila farasi anayekimbia anauzwa. Anayemtaka anapeleka ombi kabla ya mbio, na wakimaliza, hata farasi awe ameshinda, ni wake. Jumamosi iliyopita Wambui aliwekwa kwenye hizo, nikajiambia nani atamtaka, si msichana tena. Akashinda! Nikarusha kofia juu. Kabla sijaiokota, mtu mgeni akaja na kamba yake, akamvisha, akamwondoa kwa upande mwingine, bado jasho linamtiririka. Yule mama akabaki ameshika kamba tupu. Nikamuuliza anapelekwa wapi. "Arkansas, maybe. Who knows." Nikashika ule uzio nikalia. Mzee mzima. Kwa sauti.

Kumbe Mkenya mmoja wa kanisa letu alikuwa pale na wageni wake, akanipiga picha. Sijafika kwenye gari, picha iko kwenye WhatsApp ya wanaume wa kanisa: "Wakuu, anko wetu amemaliza mshahara kwa farasi. Tumwombee."

Jumanne wakaja kwangu wazee wa fellowship, shemeji yangu, mume wa dada yangu, akiwa mbele. Nikawapikia chai, nikawaeleza yote kama nilivyowaeleza nyinyi. Shemeji akaangua kicheko.

"Yaani ulilia sababu farasi amehama?"

"Hakuhama. Amechukuliwa."

"Aii, bwana, hii umeitunga vibaya. Zile zako zingine huwa tamu."

Wakacheka wote, hata mwenyekiti wa fellowship, ambaye huwa hacheki. Ndipo mwenyekiti akaniambia kwa upole, na ule upole ndio ulioniumiza: "Ndugu, kamari ni shimo, wengine wetu tumetoka humo. Jumapili simama mbele, sema ulicheza, tukuombee, yaishe. Hakuna atakayekuhukumu."

Shida iko hapa. Binti wa dada yangu anaolewa, na Jumamosi ya wiki ijayo wakwe wanakuja nyumbani kwao Plymouth kuzungumza mahari. Msemaji wa upande wetu ni mimi, mjomba. Binti mwenyewe aliniomba: "Uncle, bila wewe watanipeana kama sadaka." Tangu watoto wangu wajue kujifungia kamba za viatu, hakuna mtu amenihitaji hivyo. Sasa shemeji anasema nisipotubu, atatafuta msemaji mwingine, hawezi kumkabidhi mcheza kamari mahari ya mtoto wake. Nikampigia dada. Akapumua kwa nguvu, akasema, "Kubali tu. Kwani umesema uongo mara ngapi na hukufa?"

Ni kweli. Lakini ule wangu ni wa kuchekesha watu, huu ni wa kunizika. Nikiusema, siwezi kukanyaga tena pale uwanjani, wataambiana amerudia. Nikikataa, nitabaki na Jumamosi zangu zote, nisimame kwenye uzio mpaka baridi ije wafunge. Halafu? Theluji ya hapa ni ndefu, ndugu zangu, na kuta za apartment hazijibu salamu.

Leo ni Ijumaa, Jumapili ni kesho kutwa. Nyinyi wa page hii, hasa mnaokula peke yenu, nishaurini: nikiri dhambi isiyo yangu ili nipate watu wa kukaa nao, au nishike ukweli nibaki nao jikoni tukitazamana? Kunitukana mnitukane. Ila kama kuna mmoja kati yenu anayeamini kwamba nilimlilia farasi, aandike. Huyo nitamsoma kwanza.