Mama alipoacha kusaga kwa jiwe, tukadhani anaumwa

Wakuu, salaam. Wakubwa zangu shikamooni.

Hili nimekaa nalo miaka mingi na sijalitia chumvi hata punje. Mwenye haraka apite, mwenye kupenda kujua ya watu kama mimi avute kigoda.

Ilikuwa miaka ya sabini, nina kama miaka tisa. Kijijini kwetu, mwendo wa baiskeli kutoka Isaka. Nyumbani tulikuwa watano: baba, mama, bibi mzaa baba, mimi Limi na mdogo wangu Sayi, bado mchanga.

Kila asubuhi mama alisaga mtama kwa jiwe, kapiga magoti, anaimba.

Siyo nyimbo za kanisani! Alikuwa anatunga hapo hapo kwa Kisukuma, anamsema kila mtu. Baba mvivu wa kuezeka. Jirani mdokozi. Bibi ndiye aliyepata nyingi: "Mayu anamaliza mboga kwa kuonja, halafu anasema haina chumvi."

Mayu ni mama, ndivyo alivyomwita mkwe wake. Na bibi yuko pale pale mlangoni anachambua pamba, anasikia kila neno! Siku moja nikamuuliza mbona hajibu.

"Maneno ya kwenye jiwe hayajibiwi," akasema, akaendelea na pamba yake.

Ndiyo ilikuwa desturi nyumbani kwetu. Angeyasema hayo hayo wakati wa kula, pangechimbika.

Sasa mwaka huo huo tukampoteza Sayi, ana miezi saba. Homa ya siku mbili tu.

Hata matanga hayajapoa, mashine ya kusaga ikaletwa kijijini. Baba akasema mke wangu apumzike. Jiwe akalitoa nje, likawa la kufulia nguo. Nafaka akawa anapeleka mwenyewe kwa baiskeli, wanaume wenzake wanamcheka, hajali. Baba alimpenda mama, hilo sina shaka nalo.

Ajabu ni kwamba mama akaanza kufifia.

Hali chakula. Haongei. Zahanati wakampima, malaria hana, wakampa vidonge vya kuongeza damu. Majirani wakasema karogwa. Leo mngesema ni stress, lakini wakati ule nani alijua neno hilo?

Siku moja akamwambia baba, "Nirudishe kwetu, Baba Limi. Hapa sina kazi tena."

Baba alichanganyikiwa. "Nimemtua mzigo, sasa kosa langu nini?" Akakubali kumpeleka Jumamosi. Mimi nilijua akienda harudi. Nililia mpaka kichwa kikauma.

Ijumaa asubuhi bibi akamwita baba. "Hivi mwanangu, tangu mashine ije, mkeo amenisema lini?"

"Mama, hilo nalo la kusikitikia?"

"Mimi linanisikitisha. Akiacha kunisema mimi, ujue ana jambo kubwa kuliko mimi."

Akanishika mkono, tukaliviringisha lile jiwe mpaka ndani. Akamletea mama mtama. "Mashine inaunguza unga. Meno yangu yanataka wa jiwe."

Wakuu, bibi alikuwa na meno mawili.

Mama akapiga magoti. Akasaga konzi ya kwanza, ya pili. Kisha akaanza kuimba kidogo kidogo, kwanza akamsema bibi: mzee huyu na meno yake mawili ananituma kama punda. Bibi akacheka chinichini.

Halafu sauti ikabadilika. "Sayi, walikuzika nimeshikwa mikono. Sikukufunika. Baba yako hakulia. Baba yako alikwenda kupalilia pamba."

Akarudia, na kurudia, machozi yanaingia kwenye unga.

Baba alikuwa nje anajaza upepo baiskeli kwa safari ya kesho. Nikasikia pampu imenyamaza. Akaingia. Bibi akamvuta shati kumkumbusha kwamba ya kwenye jiwe hayajibiwi, baba akautoa mkono wake, akakaa chini mbele ya mama.

"Mama Limi, sikuwa napalilia. Nilikuwa nalia. Machozi yalinijaa nikawa sioni, nikakata pamba na magugu pamoja, mistari mitatu mizima. Nenda kaangalie."

Mama akaacha kusaga. Akamtazama sana.

"Mbona hukuniita tulie wote?"

 Baba alilia pale pale, mbele ya mama yake na mbele yangu, mara ya kwanza na ya mwisho kumwona analia.

Jumamosi hawakwenda popote. Mahindi yakaendelea kupelekwa mashine, mtama ukabaki wa jiwe, na bibi akaendelea kusemwa kama kawaida.

Nilichojifunza: kabla hujampunguzia mtu kazi, muulize kwanza hiyo kazi inamsaidia nini.

Haya, nanyi semeni. Kwenu mama zenu walitolea wapi ya moyoni? Mtoni? Kwenye kutwanga? Na wenye kujua mnisaidie na hili, maana nimeuliza wengi sijapata jibu: baba zetu wao walisemea wapi?