Watano Mbele, Wawili Nyuma

Sijawahi kupenda mpira wa kujificha. Timu ikifunga bao moja kisha ikarudi yote kujaa langoni mwake, mimi hushikwa na usingizi. Kwa hiyo watu wa mji wetu wa Sori wanaposema kwamba mfumo wetu uliletwa na shida, huwa nawaambia kwamba shida ilinikuta nimeshaupenda.

Ninafundisha timu ya wanawake, wengi wao wauzaji wa samaki. Mabeki wetu wanne walikuwa Waadventista wa kanisa moja, tena wa kwaya moja. Niliwapanga pamoja kwa sababu walielewana kwa kutupiana jicho tu. Nilijisifia sana ukuta ule, mpaka waandalizi wa mashindano walipohamisha fainali yetu, kule Homa Bay, kutoka Jumapili hadi Jumamosi. Ukuta wote ukaenda kuadhimisha Sabato.

Fainali hiyo ndiyo ingeamua kama nitabaki kuwa kocha. Mwenyekiti wa timu alikuwa ameshazungumza na kocha mmoja wa Rongo, mwanamume mwenye vyeti, na aliniambia wazi kwamba nikishindwa, huyo ataanza kazi. Akataka pia niwabembeleze mabeki wavunje Sabato mara hii moja tu. Nilikataa. Mimi ni Mkatoliki, lakini siwezi kumtoa mtu kanisani kwake ili anilindie kazi yangu.

Waliobaki karibu wote walikuwa washambuliaji, maana kwetu kila msichana anataka kufunga. Mwenyekiti alinishauri niwageuze wanne wawe mabeki. Nikamwambia kwamba mtu aliyezoea kukimbilia goli la wenzake hawezi kujifunza kulinda lake kwa siku mbili zilizobaki. Nikaweka wawili nyuma, viungo watatu, na watano mbele.

Niliwaeleza wachezaji kwamba ulinzi wetu utakuwa kwenye nusu ya wapinzani. Tukipoteza mpira, aliye karibu amvamie mwenye mpira papo hapo, na wenzake wazibe njia za pasi, asipate hata nafasi ya kuinua kichwa. Mawinga wakanyage chaki ya pembeni ili mabeki wao watawanyike. Wawili wetu wa nyuma wasimame karibu na mstari wa katikati, na kipa atoke golini awe beki wa tatu.

"Tutafungwa," nikawaambia. "Msishtuke. Sisi tutafunga zaidi."

Tulifungwa kweli, tena mapema, kwa mpira mrefu uliopita juu ya vichwa vya mabeki wetu wawili. Mashabiki wa Homa Bay wakauliza kama wengine tumewaacha sokoni. Lakini kipa wao kila alipotaka kuanzisha mpira alikuta watu wetu watano wamewaganda mabeki wake. Akaanza kubutua ovyo, na mpira ukawa unaturudia. Bao letu la kwanza lilitokana na mpira tuliowanyang'anya hatua chache kutoka golini mwao, na la pili vivyo hivyo. Kila walipotufunga, tuliwajibu.

Dakika za mwisho tulikuwa tunaongoza manne kwa matatu. Mwenyekiti alikuja kwenye benchi jasho likimtiririka.

"Nyar Osiri," akasema, yaani binti wa kijiji cha Osiri, kwa kuwa ndiko nilikozaliwa, "rudisha watu nyuma. Tafadhali."

Nilimtoa kiungo aliyechoka nikaingiza mshambuliaji wa sita. Mwenyekiti akaketi nyasini, mikono kichwani. Wapinzani, badala ya kuja kusawazisha, wakabaki nyuma kumchunga huyo mpya, na kipenga kikalia mpira ukiwa kwenye kona yao. Wasichana wangu walinibeba juu juu. Sijawahi kujivunia watu kama nilivyojivunia wale, na sioni haya kusema kwamba nilijivunia mimi mwenyewe pia.

Kwenye kikao cha kamati ya timu baada ya fainali, mwenyekiti alinipongeza mbele ya wote. Kisha akasema kwamba, kwa kuwa mabeki wamerudi, sasa tucheze kama watu wazima, wanne nyuma.

Nikamjibu kwamba wawili kati yao watabaki nyuma, na wawili wameshaanza kujifunza uwinga. Wanakamati wakatazamana.

"Kama hamtaki," nikasema, "mpigieni yule wa Rongo."

Hakuna aliyegusa simu.