Majani ya Mukantwari Yalianikwa Juani

Saa moja asubuhi, Athanasie anatwanga majani makavu ya mganga mwingine katika maabara ndogo ya dawa za miti, mtaani Gitega, Kigali. Anayaloweka kwenye spiriti, anachuja, anadondosha tone kwenye karatasi. Dawa ikiwemo, madoa ya rangi hupanda. Leo yanapanda vizuri, lakini hatabasamu.

"Mama Athanasie, nani amekufa?" anatania Salvator, mwosha chupa.

"Aibu haizikwi, Salvator. Ingezikwa, ningekuwa na jembe."

Aibu yenyewe ilianza Machi hii ya 1992. Bibi Mukantwari, mganga wa Ndera, alileta kilo nne za umuravumba, jani analotibia kifua. Alipolikabidhi alitega kitendawili: "Kivulini anakaa, juani anakimbia bila miguu."

"Harufu!" alijibu Athanasie, wakacheka wote wawili. Basi alijua. Nguvu ya jani hilo imo kwenye mafuta yanayonukia, na jua huyarusha. Hukaushwa kivulini siku kumi.

Lakini mvua ilishika, na Jumamosi mdogo wake alikuwa anaolewa Kagugu. Alhamisi jua lilipochomoza kidogo, Athanasie aliyatandaza majani juu ya mabati. Jioni yalikuwa yanavunjika kama maganda ya karanga. Arusini alicheza mpaka viatu vikamkatikia.

Karatasi ya majani hayo ilitoka nyeupe. Mkuu wa maabara, Nsengiyumva, aliandika: hakuna kitu. Habari ikafika Ndera kabla ya barua.

"Sasa wananiita bibi wa majani ya mbuzi," Mukantwari alimwambia alipokuja kuchukua gunia lake. "Miaka arobaini, mwanangu! Labda nilikuwa najidanganya?"

Athanasie alimfungia gunia, akamsindikiza hadi mlangoni. "Alinishukuru kwa kumfungia," anamwambia Salvator sasa, akitazama kinu. "Hapo ndipo niliponyauka."

Jana alimweleza mkuu wake. Nsengiyumva alivua miwani. "Karatasi nitaiandika upya. Jina la yule bibi, mukecuru wa watu, siwezi kulisafisha. Uliloliangusha, uliokote mwenyewe."

Jumapili, baada ya misa, Athanasie atasimama uwanjani Ndera mbele ya hao wanaocheka, aseme ni nani aliyeanika juani. Kisha atamwomba bibi majani mengine.

"Akinipa, nitayalinda kivulini siku zote kumi, hata aolewe nani. Asiponipa," anainamia tena kinu chake, "watu watakuwa wamesikia."