Ndege Aliyepewa Uji wa Mzazi

Nilipokuwa mtoto hapakuwa na wa kunishinda kwa uongo katika Haltom City nzima, kule Texas, na nikisema nzima nawahesabu na watu wazima. Shuleni niliwaambia wenzangu kwamba babu yangu alikuwa ananyoa simba ndevu, wakaniamini mpaka mwalimu akaja kuniuliza alitumia wembe gani. Nikamtajia. Lakini uongo wangu mkubwa kuliko wote haukuwa na simba wala wembe. Ulikuwa neno moja tu, na huo sikuufaidi.

Nilikuwa na miaka tisa. Mama alijifungua kabla ya siku zake, mtoto wa kike mdogo kama mkate, akawekwa kwenye mashine ya joto hospitali, na mama akalazwa huko huko. Baba alikuwa akitoka kazini anakwenda hospitali, akitoka hospitali anarudi kazini. Nyumbani tulibaki mimi na Bibi, mama yake baba, aliyekuja kutoka Singida kumlea mzazi kama ilivyo desturi. Mzazi mwenyewe hayupo, basi Bibi akawa anapika uji wa mzazi kila asubuhi, wenye pilipili manga, baba anaubeba kwenye chupa ya chai.

Bibi hakuwa mtu wa kukaa bure. Sebuleni tulikuwa na dirisha kubwa la kioo, linatazama miti ya nyuma, na tangu tuhamie hakuna aliyeligusa. Bibi akalishughulikia kwa siki na magazeti siku mbili, ndani na nje, mpaka kioo kikapotea. Ungeapa pale ukutani pana tundu.

"Mgeni wetu akija asitukute wachafu," alisema.

Kesho yake mchana, pu! Nikatoka mbio. Chini ya dirisha kulikuwa na ndege mdogo, kifua cha manjano, jicho moja limefumba, mdomo wazi, anahema. Nikamwokota. Bibi alipomwona akashika mlango.

"Mume wangu," akaniambia, maana ndivyo alivyokuwa akiniita kwa utani, ila siku ile sauti haikuwa na utani. "Huyu hakuja kutembea. Ndege akijigonga kwenye nyumba yenye mgonjwa, kaja kuchukua mtu. Akifia hapa, anaondoka naye. Akiruka mwenyewe, kashindwa, karudi mikono mitupu."

"Sasa tufanyeje?"

"Muuguze wewe. Wangu mimi mkono umeshazika wengi."

Hapo hapo nikajua dada yangu yuko mikononi mwangu. Sikuogopa hata kidogo. Nilijiona daktari mkuu wa Texas. Nikamlaza kwenye boksi la viatu juu ya soksi ya baba, nikafunika, nikaliweka kabatini gizani. Leo najua nilifanya sawasawa kabisa, na kama ningeishia hapo huenda nisingekuwa na cha kuwasimulia.

Lakini daktari mkuu atasubirije? Kwetu mgonjwa hupewa uji. Na wa mzazi upo jikoni, wa kurudisha nguvu! Bibi alipokwenda kuanua nguo nikaiba kijiko kimoja, nikaupuliza ukapoa, kwa kuwa mimi si mjinga. Nikamfungua mdomo kwa kucha, nikamtilia tone kwa tone. La kwanza likaingia. La pili akapiga chafya, povu likamtoka puani, akanyoosha miguu kama mtu anayejilaza baada ya kazi. Nikamwambia amka. Nikamtikisa.

"Vipi huko?" Bibi akaita toka mlangoni. "Anaendeleaje?"

"Ameruka!"

"Umemwona kwa macho yako?"

"Kapanda, Bibi! Kazunguka jengo mara mbili, halafu kanigeukia, kama anaaga."

Bibi akaangusha nguo zote akapiga vigelegele. Jirani wa Kimeksiko akafungua mlango akitabasamu bila kujua kinachoshangiliwa. Bibi akanishika mikono tukacheza pale sebuleni, mimi na yeye, na ndege yumo kwenye mfuko wa kaptura yangu, bado wa moto.

Simu ikalia. Alikuwa baba. Bibi hakumngoja hata amsalimie.

"Mwanangu, tulia, ndege karuka! Mtoto anapona!" Akasikiliza kwa muda mrefu. "Eeh. Haya, baba." Akaweka simu. "Kasema asante. Kachoka, masikini."

Ndege nilimzika nyuma ya mapipa ya taka, nikachimba kwa kijiko kile kile.

Jioni ya kesho yake baba akaingia na watu. Walitoka Dallas, Watanzania wenzetu, wanaume wametangulia, wanawake nyuma wamejifunga khanga. Bibi alipoziona zile khanga alikaa chini sakafuni kabla mtu hajafungua mdomo. Walipokwisha kusema, na kilio kilipotulia kidogo, akageuza kichwa akanitafuta.

"Lakini si aliruka?"

"Aliruka, Bibi."

Safari hii sikuongeza madoido.

Alirudi kwao baada ya miezi michache. Kila tulipozungumza kwa simu, mpaka alipofariki, hakukosa kusema, "Sijaelewa, mume wangu. Ndege aliruka." Nami nikaishi nikijua nimemuua dada yangu kwa matone mawili ya uji. Shule niliiacha njiani, nikahamia Houston, na leo mimi ni msafisha vioo vya maghorofa ambaye huna utakayemlinganisha naye. Miaka ya karibuni mama mmoja wa Kimarekani huja alfajiri kwenye jengo letu kuokota ndege waliojigonga. Alinipa mifuko ya karatasi akanifundisha: giza, utulivu, mwachie kwenye miti akichangamka. "Na usimpe hata tone la maji," akasema. "Utamzamisha." Nikageuza ndoo yangu nikaikalia. Akadhani nimeshikwa na kizunguzungu.

Mwaka huu ndipo nilipokwenda Missouri City, kando ya Houston, kwa mama nikamweleza yote. Alikuwa anakunja nguo. Hakuniacha nimalize.

"Siku gani hiyo?"

"Jumanne. Mchana."

Akaweka nguo chini. "Mwanangu, mtoto alikata roho Jumanne alfajiri. Baba yako alipiga ile simu akiwa kwenye korido, mimi nimekaa pembeni yake. Angemwambiaje mama yake, yuko peke yake na mtoto mdogo? Msiba hausemwi kwenye simu. Alikuwa anatafuta watu wa kwenda naye."

"Kwa hiyo Bibi alipomwambia ndege karuka..."

"Aliziba simu kwa kiganja, akalia. Halafu akasema asante."

Nilidhani nikisikia neno kama hilo nitaruka juu. Wapi. Nilimwona Bibi akicheza sebuleni kwa ajili ya mtoto aliyekwisha kufa, na anayemchezesha ni mimi. Ila pale kwa mama ndipo dada yangu alipotoka mkononi mwangu, na nilipotazama kilichobaki nikamkuta ndege. Hakutumwa na mtu. Alikuwa safarini kutoka kusini ya mbali, akaona miti kwenye kioo, akaendea miti. Nilimlilia mwingine miaka yote. Yeye mwenyewe sikuwahi kumlilia.

Wiki ile ile nikaokota mmoja chini ya jengo. Nilimkalisha gizani kama inavyotakiwa, sikumpa kitu. Nilipofungua mfuko alikuwa amekwisha kukakamaa. Yule mama akaja, akauliza kama ameruka.

"Amekufa," nikamwambia.