Nilivyokwenda Kusoma Kijerumani kwa Makaburu

Mjukuu wangu Eliakimu ameniandikia barua kutoka chuo kikuu, Dar es Salaam. Anasoma Kiingereza ili awe mwalimu wa sekondari, na analalamika kwamba chakula chao kibaya na vitabu vizito. Barua ile nimeisoma mara tatu, polepole, maana shule yangu mimi ni ndogo, na mara zote tatu nimeishia kukasirika. Si yeye aliyenikasirisha. Nimekumbuka kwamba hata mimi niliwahi kufunga safari kutafuta lugha ya wazungu ili niwe mwalimu, zamani za Mjerumani, kwa miguu yangu hii. Hapa nyumbani mnaijua ile sehemu ya kuchekesha tu. Leo naandika na iliyobaki.

Sababu ya kuondoka ilikuwa hii. Kwetu Nkoaranga wazungu wa dini walitufundisha kusoma kwa lugha yetu ya mlimani, na tulifurahi, mpaka tulipogundua kwamba wao wenyewe wakiwa na jambo la maana wanalisema kwa Kijerumani. Tukiomba tufundishwe hicho Kijerumani, tunaambiwa Mungu anasikia Kimeru. Anasikia, sikatai. Lakini aliyekuwa akitukamata kwenda kulima barabara hakuwa Mungu.

Basi masika yalipokwisha ikaja habari kwa mangi wetu, mkuu wa kwetu: baada ya miezi mitano bwana mmoja atatoka pwani, atafika Arusha kuchagua kijana mmoja wa Meru, aende kusomea ualimu wa shule kubwa. Na sharti kijana huyo awe anajua Kijerumani kidogo. Sasa niambieni nyinyi. Unawafungia watu mfereji, halafu unatangaza kwamba kazi atapewa atakayekuja amelowa. Hiyo ni haki ya wapi? Hata hivyo kazi ile niliitaka kuliko nilivyotaka mke, na mke nilimtaka sana.

Siku ya kwanza tuliondoka umande haujakauka, mimi na Ndeoya, mtoto wa shangazi yangu. Ndeoya ndiye aliyekuwa na shauri. Alikuwa amesikia kwamba huko mbele ya Arusha, Oldonyo Sambu, wameingia wazungu wenye magari ya kukokotwa na ng'ombe, wana wake zao na watoto, na wanaajiri watu wa nyumbani. Mzungu akiwa na mkewe jikoni, alisema Ndeoya, hawezi kuuficha mdomo wake kutwa nzima. Niliona ni akili kubwa. Kwetu mzungu alikuwa mzungu, na nchi ilikuwa ya Mjerumani, kwa hiyo hao nao ni Wajerumani. Nani angetuambia vingine?

Tuliteremka vijia vya mlimani, vile ambavyo ukiteleza kwenye kihamba, yaani shamba la ndizi, cha mtu unasimama kwenye kihamba cha mwingine. Mama alikuwa ametufungia ndizi za kuchoma. Ndeoya alikula zake kabla hatujafika mto Usa, kisha akaanza kunisifia zangu. Ndivyo alivyokuwa, mtu wa kucheka na wa njaa, na nawaambia mapema msije mkamchukia baadaye.

Jua la utosini tulifika mto Nduruma, umejaa. Tulikaa ng'ambo hii mpaka kesho yake, tukakaribishwa na watu waliokuwa wakipalilia maharage, tukawasaidia mistari miwili. Siku ya pili tulivuka tumeshikana mikono, maji kifuani, nguo kichwani.

Alasiri ya siku ile tuliingia Arusha. Msifikirie mji wa leo. Maduka machache ya Wahindi, vumbi, askari, na mashamba ya Waarusha yanakuja mpaka mlangoni. Tulifikia kwa mama mmoja wa Kiarusha, baba yangu alikuwa amekula kiapo cha urafiki na mwanawe. Tulimwita koko, yaani bibi. Tuliinamisha vichwa akatugusa utosini, akauliza tumefuata nini. Tukamwambia tumefuata lugha.

"Midomo yenu imetoboka?" akauliza.

Nikamwambia haijatoboka, ila ninataka kuwa mwalimu.

"Basi kanywe maziwa kwanza," akasema, "mwalimu mwenye mbavu za nje watoto watazihesabu badala ya kusoma."

Maziwa yale ndiyo yaliyomkamata Ndeoya. Asubuhi ya siku ya tatu alisema mguu unamuuma. Niliutazama mguu, ni mzima. Akabaki kwa koko, akimlimia na kunywa, na mimi nikaendelea peke yangu, nimekunja uso njia nzima, nikiuzunguka mlima kwa upande wa magharibi. Kule mlima una sura nyingine, ndizi zinakwisha, yanabaki majani na upepo wa baridi wenye vumbi. Nilipata hofu kidogo, nikaimba nyimbo za kanisani.

Jioni jua halijazama nilifika Oldonyo Sambu, nikamkuta yule mzungu. Ndevu mpaka kifuani, kofia pana, ameketi juu ya sanduku anasuka mjeledi. Alinitazama mikono, hakunitazama uso. Akanyoosha kidole kwenye masufuria. Nikawa nimepata kazi.

Hapa ndipo hasira yangu ilipoanza, na mpaka leo sijaimaliza. Mzungu yule alikuwa na ng'ombe kumi na sita wa gari, na kila ng'ombe alikuwa na jina lake. Akiita jina, ng'ombe mwenyewe anageuka. Sisi watu wa kazi tulikuwa sita, Mmeru mmoja, Waarusha watatu, na Wambugwe wawili, na wote sita tuliitwa Jan. Akiita Jan tunakwenda sita, anafoka kwamba tumezidi. Siku ya pili tunakwenda mmoja, anafoka kwamba tumepungua. Nilijaribu kumwambia jina langu ni Nderingo. Akaliitikia vizuri kabisa, na mwezi uliofuata alizaliwa ndama akampa jina hilo. Mnacheka. Mimi sikucheka.

Lakini nilivumilia, maana lugha ilikuwapo. Kila asubuhi mkewe aliwaketisha watoto wake wanne kivulini mwa gari, akafungua Biblia kubwa, akawasomesha. Mimi ninatikisa pipa la siagi hatua tano kutoka pale, mgongo nimewapa, masikio nimewaachia. Mtoto akikosea na mimi nakosea kimoyomoyo, akichapwa narekebisha. Niliandika maneno kwa mkaa kwenye ubao wa pipa, nikayafuta kabla yule mama hajaja kuchota siagi. Neno moja nililishika kabla ya yote, maana nililisikia mara nyingi kwa siku kuliko jina la Yesu: alles. Yote. Masufuria, alles. Ndoo, alles. Kuni zile, alles, alles. Na ya kukataa nikaijua ni nee, na ya kukubali ni ja.

Miezi minne niliishi hivyo. Siagi nilionja, nakiri, zaidi ya kuonja. Lakini kufikia mwisho nilikuwa nasikia hadithi nzima ya Yusufu kuuzwa na ndugu zake, na nikaelewa mahali pa kulia.

Nilirudi Arusha siku mbili kabla ya bwana yule kuchagua. Ndeoya nilimkuta amenenepa. Nilimuuliza amejifunza nini, akasema kuna askari mmoja sokoni amemfundisha neno moja la Kijerumani, ja, na amemwambia linatosha. Nilimcheka mpaka koko akaniambia ninyamaze.

Siku yenyewe, asubuhi, vijana tulipangwa mbele ya baraza ya duka moja karibu na mto Themi. Bwana wa pwani alikaa kwenye kiti, na pembeni amesimama mkalimani wake, mtu wa Pangani mwenye kanzu safi. Ndeoya aliitwa mbele yangu. Aliulizwa maswali matatu kwa Kijerumani. Akajibu ja, ja, ja, amekauka kama mti. Bwana akaandika.

Nikaitwa mimi. Sikungoja kuulizwa. Nilimwamkia, nikamwambia jina langu, nikamwambia natoka mlimani na ninataka kufundisha, yote kwa lugha niliyoitolea jasho miezi minne. Bwana alikodoa macho. Halafu akacheka, akavua miwani akaifuta, akacheka tena, akamwambia mkalimani jambo.

"Bwana anauliza," mkalimani akasema, "nani amekufundisha Kikaburu."

Nikasema mimi sijui Kikaburu, ninasema Kijerumani.

"Ndugu yangu," akasema kwa sauti ya chini, na yeye hakucheka, "hao uliokaa kwao ni Makaburu, watu wa kusini. Bwana anasema hiyo ni lugha ya kuswagia ng'ombe."

Nilisimama pale watu wanacheka, na ardhi haikupasuka. Nilitamani kuwauliza: mbona wale hawakuniambia? Mbona na nyinyi mliotaka tujue Kijerumani hamkutuonyesha kinakokaa? Lakini bwana alikuwa hajamaliza. Aliniuliza swali lake la mwisho polepole, kwa Kijerumani chake, labda kwa kunichezea. Na hapa nisikilizeni vizuri, maana hii ndiyo sehemu ambayo sijawahi kuwasimulia. Nilimwelewa. Lugha zile mbili ni mtu na ndugu yake. Nilisikia utafanya, nilisikia utakayoambiwa, na katikati nikasikia rafiki yangu wa masufuria, alles. Ananiuliza: utafanya yote utakayoambiwa?

Nilidhani anapima akili. Nilifikiri mwalimu ni mtu anayefikiri kabla ya kujibu. Nikafikiri. Nikakumbuka Jan, nikakumbuka yule ndama. Nikajibu, "Nee. Si alles."

Bwana akafunga daftari. Mkalimani alinishika bega akanitoa mwenyewe, kabla askari hajanitoa.

"Umeelewa swali," akaniambia tulipofika nje. "Yule mwenzako hakuelewa hata moja. La kwanza aliulizwa kama jina lake ni mbuzi."

Ndeoya ndiye aliyechaguliwa.

Siku ya kurudi nilipita Nduruma, maji yamepungua, yananifika magotini. Watu wa maharage waliniuliza lugha iko wapi, nikasema iko njiani inakuja. Nilipofika kwetu nilimwambia mama mguu uliniuma. Baada ya hapo nilipanda kahawa, nikaoa, na jioni nikawafundisha watoto wa jirani herufi kwa mkaa, kwa Kimeru, bila ruhusa ya mtu.

Ndeoya alirudi baada ya miaka miwili, ana kofia, anafundisha watoto nyimbo ambazo yeye wala wao hawakujua zinasema nini. Nilimwonea wivu, siwafichi. Halafu vita vikaja. Mjerumani alitaka watu wa kubeba mizigo mpaka kusini, akaanza na walimu wake, maana majina yao alikuwa nayo. Ndeoya aliulizwa kama atakwenda. Mnajua alijibu nini. Shangazi yangu alimngoja mpaka akazeeka, na kila alipokutana nami aliniuliza neno lile lina maana gani, na mimi kila mara nilimwambia silijui.

Kwa hiyo Eliakimu, chakula hicho kibaya kula tu, na vitabu vizito vibebe. Kiingereza hicho kisome mpaka kieleweke, maswali yake hasa. Siku watakapokuuliza lile lenye alles ndani yake, na watakuuliza, usifanye haraka kujibu. Mimi ualimu niliukosa, lakini swali nililielewa.